Mto Rhine na Septemba mbili: shajara ya Strasbourg na Kehl

Jumapili, 31 Agosti 2025. Strasbourg

Mdogo wangu anaishi Strasbourg, upande wa Ufaransa. Kaka yangu wa kwa mjomba anaishi Kehl, upande wa Ujerumani. Kati yao kuna Mto Rhine, na tramu ya mstari D inayovuka daraja tangu 2017. Unapanda na mkoba wako, siku nyingine polisi wanaingia kukagua vitambulisho, basi, umeshafika nchi nyingine.

Nimeomba likizo yangu ya mwaka iangukie Septemba kwa sababu moja. Mtoto wa mdogo wangu anaanza shule, na binti wa kaka naye anaanza shule. Tofauti ni kwamba binti wa kaka ana miaka sita na huyu wa kwetu atatimiza mitatu Novemba. Mimi ninafundisha darasa la kwanza Tanga. Siwezi kuliona jambo kama hilo kwa mbali nikanyamaza.

Leo tumeshinda tukibandika majina. Shule imetuma orodha: nguo za kubadilisha, viatu vya ndani, boksi la tishu, mdoli wa kulalia. Kila kitu kiwe na jina, hata soksi. Jina langu nalo limeingia kwenye fomu, kwa maana mtu ambaye hajaandikwa hapewi mtoto langoni, awe mama mkubwa au awe nani.

Tangu Septemba 2019 masomo ya lazima Ufaransa yanaanza miaka mitatu. Kabla ya hapo ilikuwa sita, ingawa karibu watoto wote walikuwa wanakwenda tayari. Sheria ilikuja kugonga muhuri juu ya desturi. Wanahesabu mwaka wa kuzaliwa. Anayetimiza mitatu kufikia 31 Desemba anaingia na wenzake, ndiyo maana huyu wetu anaenda kesho akiwa bado na miaka miwili na ushee.

Jumatatu, 1 Septemba. Strasbourg

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi tulikuwa langoni. Geti la chuma, kengele, na tangazo la tahadhari ya ugaidi. Siku za kawaida mzazi huishia pale au mlangoni mwa darasa, lakini leo wazazi wa wadogo kabisa waliruhusiwa kuingia kwa dakika chache. Ukumbini kuna safu ya ndoano za makoti zilizofungwa chini kabisa, kila moja na picha ya mtoto na jina lake. Darasani kuna jiko la kuchezea, kona ya vitabu, meza za rangi, na mabenchi yaliyopangwa mbele ya ubao. Yale mabenchi nikayajua. Ni ya kukalia wote kwa pamoja, kumsikiliza mtu mmoja.

Mwalimu ana msaidizi ambaye kazi yake ni viatu, makamasi, choo na kitanda cha mchana. Kila darasa la wadogo lina mtu wa namna hiyo, analipwa na halmashauri ya mji, ilhali mwalimu analipwa na serikali kuu. Mwalimu mwenyewe ana shahada sawa na ya mwalimu wa darasa la tano, na mshahara wa ngazi ileile. Hili lilinigusa. Kwetu wa chekechea mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Kisha mwalimu akasema, kwa upole lakini bila kurudia, kwamba sasa wazazi waage.

Kilio nilichokisikia pale sitakieleza. Mpwa wangu aling'ang'ania sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Msaidizi akaichomoa kidole kimoja kimoja, kwa ufundi wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, akambeba hadi dirishani kumwonyesha kitu. Mlango ukafungwa. Nje, mdogo wangu alisimama nyuma ya ukuta anafuta macho. Shemeji alitazama saa.

"Wiki ijayo halii tena," akasema shemeji. "Mimi mwenyewe nililia."

Kama mwalimu, ninaelewa. Watoto ishirini na kitu hawatulii kama mama ishirini na kitu wamebaki darasani. Ila nilijiuliza kwa nini iwe siku moja, wote pamoja.

Jioni, baada ya saa kumi, tulimpokea amekula na amelala. Alitujibu neno moja tu kwa maswali yetu yote: "Chokoleti."

Ratiba imebandikwa ukutani. Saa 24 kwa juma, programu moja ya wizara kwa nchi nzima. Lugha ndiyo inayotangulia: kusema sentensi kamili, kusikiliza hadithi, kukariri wimbo. Mistari ya kuzoeza mkono inaanza mapema, mawimbi na vitanzi, ili mtoto akifika darasa la kwanza aandike mwandiko wa kuunganisha moja kwa moja. Programu hiyohiyo inafuatwa Lille, Marseille, na pia Mayotte, kisiwa cha Ufaransa kule jirani na Ngazija, ambako watoto wanaongea lugha iliyo ndugu na Kiswahili. Huko lakini madarasa hayatoshi na watoto wengi huingia kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana. Usawa wa kwenye karatasi nao una visiwa vyake.

Jumatano, 3 Septemba. Ukingo wa mto

Jana sina la kuandika zaidi ya chakula: saladi, samaki, mboga, jibini, tunda. Mtoto wa miaka miwili na ushee anahudumiwa mlo wa hatua nne akiwa ameketi, na mapumziko ya mchana hayapungui saa moja na nusu. Mdogo wangu anasema sehemu ya elimu ya Ufaransa iko mezani pale, na sina sababu ya kumbishia.

Jumatano mchana hakuna shule. Tukaenda kwenye bustani ya pande mbili za mto, iliyounganishwa na daraja la waenda kwa miguu tangu 2004. Huku kuna kituo cha watoto wachanga kilichofunguliwa 2014, ambako watoto kutoka Strasbourg na Kehl wanalelewa pamoja kwa Kifaransa na Kijerumani. Mdogo wangu aliomba nafasi, hakupata.

Yeye alirudi kazini mtoto akiwa na miezi michache. Likizo ya uzazi Ufaransa ni majuma 16 kwa mtoto wa kwanza. Baada ya hapo ni mlezi mwenye leseni au kituo, na hakuna anayekunyooshea kidole. Wifi yangu wa Kehl, Mjerumani, alikaa nyumbani karibu miaka mitatu kwa kila mtoto, kwa kuwa sheria yao inamlindia mzazi kazi yake kwa muda huo. Amenisimulia jinsi mama wa jirani yake alivyomwuliza kwa nini anafikiria kurudi kazini mtoto akiwa na mwaka mmoja "kama Mfaransa". Mita mia chache za maji, na aibu inageuka upande.

Jumamosi, 6 Septemba. Waldersbach

Nilitaka kuona mahali hapa kuliko kanisa kuu la Strasbourg, na mdogo wangu akanivumilia. Treni inapanda bonde la Bruche hadi Fouday, kisha ni miguu, msitu pande zote, hadi kijiji cha Waldersbach.

Mwaka 1767 alikuja hapa mchungaji wa Kilutheri, Jean-Frédéric Oberlin, akakuta vijiji maskini ambavyo barabara yake ilikuwa haipitiki. Akajenga barabara na madaraja. Karibu na 1770, katika kijiji cha Belmont, msichana aitwaye Sara Banzet alikuwa anawakusanya watoto nyumbani kwake na kuwafundisha kufuma. Oberlin akaona jambo lile, akalikuza. Vikafunguliwa vyumba vya kufumia katika vijiji kadhaa. Wakubwa wanafuma, wadogo wanacheza, na mlezi anawaonyesha mimea iliyokaushwa, picha na ramani, anawaimbisha, anawazoeza Kifaransa badala ya lahaja ya milimani. Wazazi wako shambani. Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani kwa mchungaji kama mtumishi akiwa binti mdogo, aliendesha kazi hiyo maisha yake yote na mwaka 1829 alipewa tuzo ya Akademia ya Ufaransa.

Nyumba ya mchungaji sasa ni makumbusho. Nilisimama muda mrefu mbele ya makabati ya mbegu, mawe na michezo ya mbao. Walioanzisha haya walikuwa wasichana wa kijijini wasio na cheti chochote, na jina lililobaki kwenye mlango ni la mchungaji.

Kinachonisumbua ni kwamba wakati ule mambo mawili yalikuwa chumba kimoja: kumhifadhi mtoto mama akafanye kazi, na kumfundisha. Baadaye yakaachana. Ufaransa ilikuwa na nyumba za hifadhi za watoto wa maskini, na mwaka 1881 zikageuzwa kuwa shule za awali, bure, chini ya wizara ya elimu. Pauline Kergomard, mkaguzi mkuu wao hadi 1917, alitumia miaka mingi kupigana zisiwe shule za msingi zilizopunguzwa kimo, alitaka mchezo. Nadhani alishinda nusu. Ujerumani, Friedrich Froebel alifungua kituo chake Bad Blankenburg mwaka 1837, akakipa jina la Kindergarten miaka mitatu baadaye, mtoto akue kwa mchezo, nyimbo na bustani. Prussia ikazipiga marufuku Kindergarten mwaka 1851 kwa tuhuma za ujamaa na kumkana Mungu, kwa sehemu kwa kumchanganya mzee na mpwa wake Karl, na ikafungua tena 1860 Froebel akiwa kaburini. Mpaka leo, kwa Wajerumani, umri huo ni mambo ya malezi na ustawi wa jamii. Kwa Wafaransa ni mambo ya wizara ya elimu.

Tukateremka hadi Fouday alikozikwa Oberlin, tukanunua jibini, tukarudi.

Jumanne, 16 Septemba. Kehl

Shule za Baden-Württemberg, jimbo la Ujerumani ilimo Kehl, zimefunguliwa jana, majuma mawili baada ya Ufaransa. Wa darasa la kwanza bado. Wao wana siku yao mwishoni mwa juma. Kwa hiyo nikaanza na mdogo, mvulana wa miaka minne. Kaka aliniombea ruhusa nimfuate kwenye chekechea yake ya msituni.

Niseme mapema kwamba wengi hawaendi huko. Watoto walio wengi wako katika majengo ya kawaida. Lakini Ujerumani ina chekechea za msituni zaidi ya elfu moja, na nilitaka kuona wanachokiruhusu kinapofika mwisho wake.

Hakuna jengo. Kuna gari kuukuu la mbao lenye jiko la kuni ndani, la kukimbilia dhoruba ikija, na choo cha vumbi la mbao. Watoto kama ishirini, kuanzia miaka mitatu hadi sita pamoja, walezi watatu. Kulikuwa na manyunyu. Watoto wamevaa suruali za mpira na buti, wamekaa duara juu ya magogo. Wakaimba, wakajihesabu wenyewe, wakapiga kura waende upande gani wa msitu. Kijito kilishinda.

Njiani kuna vituo. Wanakimbia hadi kituo, wanasubiri wa mwisho afike, wanakimbia tena. Sheria ni chache na kila mtoto anazijua. Hakuna kuzidi pale unapoweza kusikia ukiitwa. Panda mti mpaka unapoweza kupanda mwenyewe, hakuna atakayekunyanyua wala kukuteremsha. Usiweke tunda la chini mdomoni, kwa hofu ya minyoo ya mbweha. Na kisu: unakaa chini, unachonga kuelekea mbali na mwili, unakifunga kabla ya kusimama. Nilimwona mtoto wa miaka mitano anachonga fimbo na mlezi yuko hatua nne, anaangalia ndege.

Moyo wangu ulikuwa mdomoni kwa saa nzima. Kisha ukazoea.

Nikamwuliza mlezi, kwa Kijerumani cha kaka, kuhusu herufi. Akasema watazisoma shule, ndiyo kazi ya shule. Anayeuliza jina lake linaandikwaje anaonyeshwa. Mwaka wa mwisho wanafanya matayarisho kidogo, na daktari wa serikali anawapima wote kabla ya kuingia darasa la kwanza: macho, masikio, lugha, mwendo wa mkono. Binti wa kaka yangu alipomaliza chekechea alijua kuogelea mita 25 na ana beji imeshonwa kwenye vazi lake, anajua ndege watano kwa mlio, na hakujua kusoma. Wa Ufaransa mwenye miaka sita huwa tayari ameandika mistari mingi kuliko miti aliyopanda.

Mpwa wangu alirudi na tope hadi kwenye nyusi. "Shangazi, wewe hukupanda," akaniambia. Kweli.

Alhamisi, 18 Septemba. Kehl

Wifi alicheka nilipomsimulia mlango uliofungwa Strasbourg. Mtoto wake mkubwa alipoanza chekechea, alikaa naye ndani siku za mwanzo, kisha akawa anatoka nusu saa, kisha saa moja, akiwa ameketi ukumbini na kitabu, hadi mtoto alipomzoea mlezi mmoja maalumu. Ilichukua zaidi ya majuma mawili, na hiyo ni kawaida. Vituo vinaipanga hivyo na vinakutegemea uwepo. "Na bosi?" nikauliza. Bosi, akasema, alijua.

Hapo ndipo bili inapotoka. Upole huu unalipwa kwa saa za mama. Wifi ni mhandisi, anafanya kazi nusu siku. Chekechea hapa inalipiwa kila mwezi, tofauti na Berlin. Shule ya msingi kwa desturi inaisha adhuhuri, mtoto anarudi kula nyumbani, na kazi za nyumbani zina msimamizi mmoja. Kuna huduma ya mchana lakini nafasi ni za kugombania na walezi hawatoshi. Kuanzia Agosti 2026 wa darasa la kwanza watakuwa na haki kisheria ya kutunzwa siku nzima, na madarasa mengine yatafuata hadi 2029. Shangazi za binti wa kaka huko Ufaransa hawaelewi mjadala wenyewe ni wa nini.

Jambo dogo la mtandio wangu, maana nimeulizwa nyumbani. Ufaransa sheria ya 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za umma alama za dini zinazoonekana wazi, na watumishi nao hawaruhusiwi; mimi langoni sikuambiwa lolote. Huku wasichana wanavaa darasani. Ajabu ni kwamba Strasbourg, katika nchi inayojisifu kutenga dini na serikali, shule za umma zina somo la dini, kwa sababu Alsace ilikuwa ya Ujerumani kuanzia 1871 hadi 1918 na sheria za Paris za wakati ule hazikuifikia.

Jumamosi, 20 Septemba. Kehl

Leo ndiyo leo. Binti alishika koni ya karatasi ngumu yenye urefu wa karibu nusu ya mwili wake, aliyoishona na kuibandika mama yake, imejaa pipi, penseli, saa ya kengele na kitu cha kung'aa nisichokijua. Desturi hii ilianzia Saxony na Thuringia mwanzoni mwa karne ya 19 na sasa karibu hakuna mtoto wa Kijerumani anayeanza shule bila koni. Begi la mgongoni nalo, gumu, la kung'aa gizani, linaweza kupita euro 200. Babu na bibi wamesafiri. Kulikuwa na ibada ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa waliotaka, kisha ukumbini watoto wa darasa la tatu wakawaimbia wageni, majina yakaitwa moja moja, na kila mtoto akavuka jukwaa na koni yake kumfuata mwalimu.

Wakaenda kwenye kipindi chao cha kwanza. Sisi tukanywa kahawa na keki za wazazi. Hakuna aliyelia ila babu.

Nilipiga makofi hadi mikono ikauma. Strasbourg, mtoto wa miaka miwili na ushee aliingia shuleni bila hata wimbo. Kuanzia Jumatatu binti atakwenda kwa miguu na wenzake wawili. Wifi amemzoeza njia likizo nzima, wapi pa kusimama, dereva yupi wa kumtazama machoni. Mdogo wangu, aliyevuka na tramu kuja kusherehekea, aliuliza kama hiyo inaruhusiwa.

Jumapili, 21 Septemba. Kehl

Mezani leo mazungumzo yalikwenda pale nilipokuwa nimejizuia kwenda. Nikamwuliza kaka: huyu binti, mkishamlea miaka sita bila herufi, mnampa miaka mingapi kabla hamjamwamulia?

"Minne," akasema.

Baden-Württemberg shule ya msingi ni madarasa manne. Akiwa na miaka kumi, mwalimu anaandika pendekezo: njia inayoelekea chuo kikuu, ya kati, au ya kazi za mikono. Mwaka 2012 serikali ya jimbo iliondoa ulazima wa pendekezo, wazazi wakaachiwa kuchagua. Kwa walioingia darasa la tano mwaka huu limekazwa tena: kwa ile njia ya juu, neno la mzazi peke yake halitoshi, lazima pendekezo la walimu au mtihani uliowekwa umuunge mkono. Kaka hana wasiwasi na akili ya mtoto. Ana wasiwasi na jina lake la ukoo kwenye karatasi ya mwalimu, na Kijerumani chake yeye mwenyewe siku ya kikao cha wazazi. Wifi alinyamaza, halafu akasema kuna milango ya kuhamia baadaye. Kaka akamwuliza awataje watu watatu wanaowajua waliopita kwenye milango hiyo.

Kwa hiyo nchi inayomwacha mtoto achonge fimbo hadi miaka sita inampanga foleni akiwa na kumi, na ile inayomfungia mlango akiwa na mitatu inakaa na watoto wote katika programu moja hadi kumi na tano, kwa sheria ya 1975 iliyounganisha shule za kati. Nilidhani nimepata hoja ya kumaliza ubishi. Mdogo wangu akaiharibu.

"Dada, sisi hatuwapangi kwa mtihani. Tunawapanga kwa mtaa."

Shule ya umma Ufaransa unapewa kwa anwani yako. Mtaa wa majengo ya maskini, shule ya maskini; mwenye uwezo anahama au anampeleka mtoto shule ya binafsi, ambayo mishahara ya walimu wake, kama ina mkataba na serikali, inalipwa na serikali hiyohiyo. Ripoti za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, zimezitaja nchi zote mbili, mara kwa mara, miongoni mwa zile ambako hali ya wazazi inaonekana wazi mno katika alama za mtoto. Ujerumani walipozisoma za kwanza Desemba 2001 walishtuka hadi mshtuko ukapewa jina. Ufaransa hawakupiga kelele kiasi hicho.

Kaka akamwuliza kama angebadilishana. Akasema chekechea ya msituni angeichukua leo, ila nani angempa mshahara wa nusu siku. Kisha akatoa simu kumwonyesha wifi picha za nyumba: vyumba viwili, kodi kubwa kuliko ya sasa, mtaa mwingine wa Strasbourg. Mtoto wake ana majuma matatu shuleni. Shule ya kati ataingia mwaka atakaotimiza kumi na mmoja, na yeye anataka anwani iwe tayari.